Swali Lako Kuhusu Beril

Awuor mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke kwake bila kula, kwa hiyo nina nafasi. Nimeegemea mito, dirisha liko wazi, na leo mkono unanitii kuliko jana. Ukiona maandishi yanapanda na kushuka, ni pumzi tu. Sijakasirika.

Sitakuandikia habari za kufuli ya chumba utakachopanga Kisumu wala za kuchemsha maji. Nakuandikia kuhusu swali uliloniuliza Jumatano ukikunja nguo. Uliniomba nimpigie simu yule kijana niliyemfundisha kazi zamani, ambaye sasa yuko kwenye hiyo maabara ya samaki unayokwenda Kisumu, nimuulize Beril ameajiriwa kwa cheo gani. Nikakuuliza unataka kujua ya nini. Ukajibu bila kuinua macho, "Nataka tu kujua, Mama. Tulisoma naye Bondo na mimi nikamaliza kabla yake. Kama ameanza juu yangu, adiera, kweli kabisa, siripoti kazini. Afadhali nikae hapa Asembo niuze dagaa wetu wa omena."

Jana uliniuliza tena nikakwambia simu haikushika. Nilikudanganya. Ilishika mara moja, na kijana akaniambia kila kitu kabla hata sijamaliza salamu. Jibu ninalo. Limo humu kwenye barua, mwishoni, na nakujua: utafunua ukurasa wa mwisho kwanza. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Ukishalisoma, rudi hapa.

Jumapili Beril alipokuja kunitazama na mapapai yake, alikaa pale kwenye kiti cha marehemu baba yako, akaniuliza, "Mama, umepata nafuu kidogo?"

"Napumua," nikamwambia.

"Awuor ataipenda Kisumu. Nilimwambia kuna chumba karibu na changu, akasema ataangalia mwenyewe."

Alikuwa akisema hayo huku mimi natazama viatu vyake. Nilikuwa najiuliza kwa nini amekuja leo, kwa nini mapapai, kwa nini anataka ukae karibu naye, ni nani amemtuma aje aone hali yetu. Huyu ni mtoto niliyemwosha miguu hapa uani mlipokuwa darasa la kwanza. Alipoondoka ukasema, "Amekuja kuangalia kama bado tuko chini ya paa lile lile." Nikacheka mpaka nikakohoa. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshawaza jambo hilo kabla hujalisema, neno kwa neno. Usiku ule sikulala vizuri, na safari hii haikuwa kwa ajili ya moyo wangu mgonjwa. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Hukuzaliwa nayo. Ulifundishwa, na mwalimu ni mimi. Basi niruhusu nikwambie mimi nilifundishwa wapi.

Unajua kwamba nyanya yako alikuwa mke wa pili. Jambo ambalo sijawahi kukusimulia ni jinsi msimu wa kupanda ulivyokuwa kwetu. Mke mkubwa ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini. Mpaka apande yeye, mama yangu hangeweza kugusa shamba lake, hata mvua inyeshe mpaka vyura waingie jikoni. Ndivyo mila ilivyotaka, na hakuna aliyeiuliza. Mwaka mmoja mke mkubwa alikuwa na ugomvi na baba, akakataa kupanda. Alikaa kwenye baraza yake akisuka kikapu. Mama yangu akakaa kwenye baraza yake na mbegu ndani ya kibuyu, akimtazama. Mvua ikaja, ikaenda. Mke mkubwa alipopanda hatimaye, mvua iliyobaki haikutosha shamba la pili. Mwaka huo tulikula kwa watu.

Tangu hapo mama yangu hakuacha kutazama ule upande mwingine wa boma. Moshi ukianza kutoka kwa mke mkubwa mapema, alitaka kujua wanapika nini. Mke mkubwa akipata mgeni, mama alitaka kujua mgeni amekuja na nini. Alinituma mimi. "Nenda uombe chumvi," aliniambia, na chumvi ilikuwepo. Nilikuwa hodari wa kuomba chumvi. Niliweza kuingia jikoni kwa watu, nikasimama pale muda wa kujaziwa kijiko, na nikarudi najua kila kilichokuwa kwenye sufuria.

Nikasoma. Unajua nilivyosoma, hilo nimekwambia mara nyingi kupita kiasi. Nikaajiriwa kwenye maabara ya kupima maji hapo Kisumu, na nilikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa pale upande wa vijidudu. Hapakuwa na mwingine. Nilichagua meza ya dirishani. Ufunguo wa jokofu niliuning'iniza shingoni pamoja na msalaba wangu. Bila kujua ninalofanya, nilijifanya mke mkubwa wa maabara ile. Nilijiwekea akilini kwamba atakayekuja baada yangu atapanda baada yangu.

Akaja Rosa. Alikuwa msichana wa Migosi, mtaa wa hapo hapo Kisumu, mwembamba, mwenye kicheko cha kushtukiza watu, na alikuwa na shahada kama yangu. Alinipokea kwa heshima zote, ilhali mimi ndiye niliyepaswa kumpokea yeye. "Dada, nionyeshe mnavyofanya hapa," alisema. Nikamwonyesha, lakini nilimwonyesha kama mtu anayemega mkate wa mtoto wake kumpa mgeni.

Haukupita muda mrefu mkuu wetu akaanza kumwita ofisini kwake. Anaingia, mlango unafungwa. Anatoka, hasemi kitu. Mimi sikuwahi kuitwa nikafungiwa mlango. Nilikuwa naitwa mlango ukiwa wazi, tena nikiwa nimesimama.

Awuor, sijui nikuelezeje miaka ile. Nilikuwa najua Rosa amefika saa ngapi kuliko nilivyojua nilichopima asubuhi. Nilijua nguo zake. Akija na nguo mpya nilijiuliza imetoka kwa nani. Akiletwa na gari la ofisi siku ya mvua, niliwauliza madereva kwa mzaha ambao haukuwa mzaha. Akiwa mkimya, nilisema anaficha. Akiwa mchangamfu, nilisema ameshapewa. Hakuna jambo alilofanya ambalo halikuwa ushahidi. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa ikifanywa na mikono peke yake. Na nyumbani, baba yako akiniuliza siku ilikuwaje, nilimweleza siku ya Rosa. Wewe ulikuwa mdogo, unachora chini ya meza. Nilidhani husikii.

Siku moja Rosa alikwenda Asembo Bay kuchukua maji ya tangi ambalo akina mama wa ufuoni walioshea samaki. Unalijua tangi lenyewe, lipo mpaka leo. Maji ya kupimwa vijidudu husafirishwa kwenye sanduku la barafu, kwa sababu yakipata joto vijidudu huzaliana humo humo njiani, na utakachopima hakitakuwa maji ya tangi tena. Gari liliporudi, Rosa aliitwa moja kwa moja kwa mkuu. Mlango ukafungwa. Dereva akaliweka sanduku nje ya maabara, juani, akaenda kula, akakawia sana. Mimi nilipita pale nikienda msalani. Nikapita tena nikirudi. Kifuniko kilikuwa kimeinuka. Nikachungulia. Barafu yote ilikuwa maji, na chupa zilikuwa zinaelea humo, za moto ukizigusa. Nilizigusa, Awuor. Kisha nikaingia ndani nikakaa dirishani.

Dereva aliporudi alitia barafu mpya, akaliingiza sanduku ndani, akanyamaza pia. Rosa alipotoka kwa mkuu alilikuta limejaa barafu, akaanza kazi.

Matokeo yalipotoka, alikuja mezani kwangu. "Dada, hebu niangalizie. Idadi hii ni kubwa sana. Tangi lile halijawahi kuwa hivi."

Angalia vizuri hapo. Alikuja. Aliniuliza mimi, si mwingine. Alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa sahihi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikamwambia, "Mimi ni nani? Si wewe ndiye wa kufungiwa milango. Muulize huyo anayekuita."

Nadhani alifikiri natania, maana alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akarudi kwenye meza yake, akaandika ripoti.

Mkuu alimtuma akaisome mwenyewe ufuoni, na mimi nikaambiwa nimsindikize. Wenye magari ya kununua samaki walikuwepo. Rosa akasimama akawaambia maji ya tangi ni machafu na samaki waliooshwa humo wasiuzwe mpaka lisafishwe. Sauti yake ilikuwa nzuri, wala haikutetemeka. Magari yakageuza mbele ya macho yetu. Mama Achieng, ambaye alikuwa mkubwa wa wauzaji, alimsogelea akiwa bado na kisu cha kuparia samaki mkononi.

"Sasa madam, unataka watoto tuwape nini? Mchanga?"

"Mama, ni maji. Yakisafishwa mtarudi."

"Hayo maji ndiyo mimi nakunywa, na niko hapa nimesimama. Yawa, jamani, huyu mtoto wa Migosi anajua maji ya chupa peke yake!"

Wakacheka, kicheko kile kikali cha watu waliokasirika. Mmoja akamwambia arudi shule. Rosa akageuka kunitazama, kama unavyomtazama mtu wako ukiwa katikati ya watu wasio wako. Mimi nikatazama ziwa.

Samaki wa siku ile walioza. Wa siku zilizofuata wakauzwa kwa bei ya kutupa, kwa wanunuzi wa pembeni waliojua kwamba akina mama hawana pa kwenda. Maji yalipopimwa upya yalikuwa safi, lakini magari yalikuwa yameshazoea ufuo mwingine, na hayakurudi haraka. Watoto waliondolewa shule. Nawajua baadhi yao, ni watu wazima sasa, wananisalimia njiani wakiniita mwalimu wa afya. Rosa aliulizwa barafu ilikuwaje. Alijibu ukweli alioujua, kwamba alikuta barafu imejaa. Hawakumwamini. Alihamishwa mbali, kwenye kituo ambacho hakuna aliyewahi kukiomba. Siku ya kuondoka alinipa mkono. Nilikuwa nimebaki peke yangu na meza zote mbili, na nilijisikia mzima kwa muda wa chai moja.

Nikuonye hapa, kwa sababu najua unasubiri nini. Unasubiri nikwambie kulikuwa na nini nyuma ya ule mlango. Hadithi nyingi zingeishia hapo: kumbe Rosa alikuwa akinitetea, kumbe alikuwa akiomba nipandishwe cheo. Au kumbe nilivyoshuku ndivyo ilivyokuwa. Sijui. Mkuu alikufa na habari zake. Sikuwahi kuuliza, na hilo ndilo linalonichoma: kwa miaka yote ile ya kuchungulia sikuwahi hata siku moja kumwambia Rosa, "Anakuitia nini?" Pengine angenijibu kabla sijamaliza. Nilipenda kushuku kuliko kujua. Ukishuku, wewe ndiye mwenye hadithi.

Mwezi uliopita, daktari alipoacha kuzungumza nami na kuanza kuzungumza na shangazi yako, nilitafuta namba ya Rosa nikaipata. Alipokea. Kicheko bado kile kile. Tukaulizana afya, watoto, mvua. Habari zikatuishia. Akaniuliza, "Dada, kuna kitu ulitaka kuniambia?" Nikasema hapana, nilitaka kukusalimu tu. Akasema asante sana kwa kunikumbuka. Mwanangu, nina vyeti ukutani, nimesimama mbele ya watu wakubwa nikasoma matokeo bila karatasi, na sentensi ile fupi haikutoka. Hata hilo alilosema, asante kwa kunikumbuka, nililigeuza geuza usiku kucha. Nikashuku kwamba anajua. Nikashuku kwamba aliniona nikichungulia sanduku. Unaona? Hata katika kutubu nilikuwa bado naomba chumvi.

Nashuku hata barua hii. Najiuliza kama naandika kwa ajili yako au natafuta mtu wa kuniambia si kitu. Usiniambie si kitu.

Sasa utauliza kama niliwahi kupona. Sikupona kabisa. Ila baada ya Rosa walikuja wengine, na kwa hao sikurudia. Kuna jambo moja la kazi lililonisaidia, na wewe unalijua kwa jina lake, ila labda hujalitazama nilivyokuja kulitazama mimi. Chupa moja ya maji tunaipima mara mbili, sahani mbili za kuoteshea vijidudu bega kwa bega, mkono ule ule, siku ile ile. Sahani hizo mbili zikikaribiana, mkono wako umetulia. Zikiachana, kuna mahali umeharakisha. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla sijaona kwamba hakuna aliyewahi kupima utulivu wa mkono wake kwa kuweka maji ya Asembo kando ya maji ya Kisumu. Ni maji mengine. Yametoka pengine, yamepita pengine. Nikaanza kurudi kwenye sahani zangu. Nilipojikuta najua mwenzangu ameingia saa ngapi, hiyo ndiyo ilikuwa dalili yangu, nilisimama nikaenda kusoma sahani zangu upya. Mara nyingi nilikuta nimekosea mahali. Na shaka ilipozidi, nilijifunza kuuliza. Nilimfuata mtu nikamwuliza kwa mdomo wangu, "Mbona wewe umepelekwa semina na mimi sijapelekwa?" Unaona haya, uso unawaka, lakini mtu anakujibu. Majibu mengi yalikuwa ya kawaida mno. Mengine yalinithibitishia kwamba nimepunjwa kweli, na hata hayo yalikuwa mepesi kubeba kuliko yale niliyokuwa nimejitungia.

Nimepumzika kidogo. Nilisikia lango nikadhani ni wewe, kumbe ni mbuzi wa jirani.

Tangu jana nimekuwa nikiligeuza jibu la swali lako. Nilifikiri nikudanganye, niseme mmeanza sawa, upande gari asubuhi kwa moyo mweupe. Ungegundua siku ya kwanza, na ungekuwa na haki ya kunishuku mpaka kaburini na baada yake. Kisha nikafikiri ninyamaze, niseme tena kwamba simu haikushika. Hapo ndipo nilipojikuta nimekaa dirishani tena, najua hali ya chupa, namwacha mtu aende mbele ya watu bila kujua. Sitafanya hivyo kwa mara ya pili, hata ikiwa kunyamaza ndiko kutakakokupeleka kazini na kusema ndiko kutakakokubakiza hapa.

Basi sikia. Beril ameanza juu yako. Amekuzidi ngazi moja na mshahara pia. Yeye ndiye atakayekagua kazi yako miezi ya mwanzo, na sahihi yake itakaa chini ya yako. Nilimuuliza kijana kwa nini, akaniambia aliingia wakati nafasi ile ilikuwa wazi na yako haikuwepo. Labda ni kweli. Labda kuna jambo lingine. Mimi sijui, na wewe hujui, na kuna mtu mmoja tu wa kuulizwa, naye anakaa Migosi, na amekutafutia chumba.

Ukiamua kubaki, sitakununia. Kitanda hiki kinahitaji mtu wa kukitandika, na omena zipo. Lakini usiniambie umebaki kwa ajili yangu.

Ukienda, nakuomba jambo moja tu. Macho yako ni yangu, yanaona haraka pale mwenzako alipoteleza. Iko siku utaangalia kitu na kuona Beril amekosea, kosa ambalo lingemwangusha na kukuacha wewe umesimama. Litakuja, mwanangu, kazi ile ndivyo ilivyo. Siku hiyo usitazame ziwa. Nenda mezani kwake umwambie, kabla hajasimama mbele ya watu.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu.

Mama yako